Kiwanja Kisichowekewa Kifungo

Kwa Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko, wewe na wote unaoishi nao. Natumaini afya yako ni njema na ule mgongo haukusumbui tena kama ulivyoandika mara ya mwisho. Sisi huku ni wazima. Mama anakula vizuri, anatembea mpaka kisimani na kurudi bila kupumzika, na majirani bado anawasema kama kawaida yake. Mimi pia ni mzima wa mwili. Mengine nitayaeleza taratibu, kwa sababu barua hii ina habari ambayo ukiisikia kwa mtu mwingine utaniona sina adabu.

Nisamehe kwa kuchelewa kukujibu. Siwezi kusingizia kazi. Nilikuwa nakaa mezani, kalamu mkononi, sentensi haiji, basi nainuka naenda kuosha vyombo. Wewe ndiye uliyenibandika jina la Chiriku kwa sababu nilikuwa sifungi mdomo. Ungeniona sasa ungedhani nimelishwa gundi. Tangu yale mafuriko yaliyomchukua mama mdogo, kuna kitu ndani yangu kimekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa muda mrefu. Sisemi hivi ili unihurumie. Nakuambia tu usije ukashangaa kuona naandika mambo mazito kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo ukutani.

Uliniuliza ninafanya kazi gani hasa, maana Mama alikueleza kwamba napaka rangi ramani. Hajakosea sana. Wenyewe tunaiita sayansi ya mandhari endelevu, na ukiitamka mbele ya watu wazima lazima ukohoe kwanza. Kwa lugha ya jikoni, ni kulitazama bonde zima kama kitu kimoja: mashamba, vichaka, mto, njia za ng'ombe, nyumba, ndege wa kwenye matete na watoto wanaokwenda shule, halafu kujiuliza nini kikae wapi ili watu wale na ardhi isichoke, leo na hata wajukuu wetu watakapokuwa na mvi. Mkulima anaona shamba lake. Bwana misitu anaona miti yake. Sisi kazi yetu ni kuona jinsi hivi vyote vinavyovutana, na mara nyingi tunachokikuta ni kwamba raha ya huyu wa juu ndiyo kero ya yule wa chini.

Ofisi yetu iko ghorofani, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, kwa hiyo tunafanya kazi tukinusa rangi na saruji kutwa nzima. Meza ya ramani ni mlango wa mbao uliolazwa juu ya mapipa. Mkuu wetu watu wanamwita Profesa Matope, kwa sababu siku ya kwanza alipokuja kujitambulisha kwa wananchi alikuwa amezama hadi magotini, na badala ya kuomba maji ya kunawa akaanza kuyasifia matope yenyewe. Ni mtu mwema. Ana kasoro moja tu, anafikiri kila mtu akielezwa vizuri atafurahi.

Baada ya mafuriko tulipewa kazi ya kutafuta kwa nini maji yale yaliufikia mji kwa kasi namna ile. Jibu halikuwa mbali. Unakumbuka wazee walivyokuwa wakisimulia kwamba bonde la chini lote lilikuwa kinamasi, matete matupu, na mtu akipotelewa na mbuzi huko anamsamehe tu. Maji ya milimani yalikuwa yakiingia mle, yanatandaa, yanakaa, yanatoka kidogo kidogo. Kisha kizazi cha akina Baba kikachimba mitaro, kinamasi kikakauka, watu wakalima mahindi na wakashiba. Hakuna aliyefanya kosa, maana njaa ilikuwepo na ardhi ilikuwepo. Ila maji yakakosa mahali pa kupumzika, siku hizi yanatoka mlimani na kwenda moja kwa moja hadi sokoni.

Tuliichukua mvua ya siku ile tukaipitisha kwenye kompyuta kwa namna mbili, mitaro ikiwepo na mitaro isipokuwepo. Mitaro ikiwepo, maji yalifika dirishani kwa mama mdogo pale sokoni, kama yalivyofika kweli. Mitaro isipokuwepo, yalimfikia kwenye kifundo cha mguu. Nilikaa pale nikautazama mji uleule na mvua ileile, na mama mdogo ameloa miguu tu. Nikahifadhi kazi yangu, nikashuka kwenda kula. Dereva wetu wa ofisini aliniuliza kama naumwa, nikamwambia hapana, na kweli sikuwa naumwa popote.

Pendekezo likawa kwamba sehemu ya bonde la chini irudishiwe maji yake. Si lote, kwa sababu watu lazima wale. Swali likawa sehemu ipi. Na mtaro mkubwa kuliko yote, Kaka, unaujua. Ni ule aliouchimba Baba kwa jembe na sururu, akiwa tayari anakohoa, ili kile kiwanja cha pale bondeni kikauke na wewe uwe na mahali pa kujenga. Huhitaji kukumbushwa. Mwaka uliofuata baada ya kumzika ulikuja na mafundi, ukaweka msingi, ukatuonyesha kwa kidole sebule ni hii, vyumba ni hivi, jiko lile, na kile cha upande wa mashariki ni chumba cha Mama apate jua la asubuhi. Mama aliondoka pale akiwa amevimba kichwa kama aliyekabidhiwa funguo. Tangu siku hiyo, kila jani likiota ndani ya ule msingi analing'oa, halafu anaufagia. Majirani walimcheka kwamba anafagia nyumba isiyo na ukuta wala paa. Yeye aliwajibu kwamba ndiyo raha yake, haina buibui.

Sasa nikueleze namna tulivyoamua, maana hapo ndipo ninapotaka unielewe. Profesa hapendi ramani zinazoshushwa kwa watu kama mahubiri. Njia yetu ni hii: tunalichora bonde kwenye kitambaa kikubwa, tunakitandaza kwenye meza za ukumbi wa shule, na kila mtu mzima anapewa vifungo vitano vya shati, vyeupe. Anaweka kifungo mahali ambapo bila hapo maisha yake hayaendi. Hakuna kupiga makofi, hakuna kunyoosha mkono mbele ya mwenyekiti, hakuna hotuba. Unaweka, unaondoka. Vifungo vikishawekwa, sisi tunaanza hesabu zetu, na pale pasipo na kifungo ndipo maji na miti hupewa nafasi kwanza. Aliyeweka kifungo kwenye ardhi yake na bado ikahitajika, anapewa ardhi nyingine kule juu karibu na barabara. Isiyowekewa kifungo haina mbadala. Tulilitangaza hilo mara nyingi, mpaka na walevi walikuwa wanalijua.

Kulikuwa na kanuni moja zaidi. Vifungo ni vya wanaolala bondeni. Anayeishi mbali hapewi. Kanuni hiyo niliipendekeza mimi, na Profesa alipositasita niliisimamia mpaka akakubali. Sababu niliyoitoa ilikuwa nzuri. Nilisema kuna watu wa mjini wamejinunulia viwanja huku, hawajawahi kuvikanyaga, wala hawajui mvua inanyesha upande gani, na hao wakipewa vifungo watalifunga bonde zima na sisi tunaolala hapa tutakwenda kuogelea. Wote waliafiki. Ilikuwa hoja safi.

Watu wakikuambia kwamba nilipokuwa nasema hayo nilikuwa nimekusahau, usiwaamini. Nilikufikiria. Nilikuona kabisa, na msingi wako, na mkono wako unaoonyesha jiko. Kanuni ikabaki kama ilivyo. Tena muda wa kukuandikia kabla ya mkutano ulikuwepo, ungeweza kuja au kutuma neno, nami sikuandika. Nimejitafutia sababu nikakosa iliyo nzuri. Naweza kusema tu kwamba kila nilipokitazama kile kiwanja kwenye ramani nilikuwa naona kifundo cha mguu cha mama mdogo.

Siku ya mkutano ukumbi ulijaa. Mwenye bucha aliweka vifungo vyote vitano juu ya bucha lake, na alipoambiwa kwamba bucha liko mlimani na maji hayatafika huko hata yakipanda ngazi, akajibu kwamba yeye haamini maji. Watu walicheka sana. Halafu mwenyekiti wa bonde akasimama, shingo upande, akasema ana neno. Alisema kanuni ya kulala bondeni ni nzuri kwa matajiri, lakini hapa hakuna nyumba isiyo na mtoto aliyekwenda kutafuta maisha, na je, hao nao wafungiwe mlango? Mimi nilikuwa nimeshika sanduku la vifungo. Profesa alinitazama, mimi nikatazama vifungo, basi akaamua mwenyewe. Akasema mzazi anaruhusiwa kutumia kifungo chake kimoja kumwekea mtoto aliye mbali, na kitahesabiwa sawasawa na vingine.

Kwa hiyo nafasi yako ilirudi, Kaka. Nataka ulijue hilo. Kanuni yangu ilitobolewa tundu mbele ya macho yangu, nami sikulalamika. Wazazi walipanga mstari. Bibi wa mashine ya kusaga alimwekea binti yake aliye ng'ambo, fundi cherehani akawawekea wanawe mapacha, na kuna mzee alimwekea kijana ambaye sote tunajua yuko gerezani, wala hakuna aliyenong'ona.

Mama alipofika mezani alivaa miwani yake, akauliza kaskazini ni wapi, akaanza kuweka. Cha kwanza kwenye kisima. Cha pili kwenye kaburi la Baba. Cha tatu kwenye shamba la juu, cha nne kwenye daraja la watoto wa shule. Cha tano alikaa nacho. Alitembea nacho kuizunguka meza mpaka akafika kwenye kiwanja chako, akasimama hapo, kifungo kiko kati ya vidole viwili. Waliokuwa nyuma yake hawakumharakisha. Kisha akasogea, akaenda mpaka mwisho wa kitambaa kule mjini, akakiweka sokoni, juu ya nyumba ya mama mdogo. Mwenyekiti akamwambia kwa upole kwamba ile nyumba haina mtu tena. Mama akamjibu kwamba anajua, yeye ndiye aliyemkosha marehemu. Akavua miwani, akatoka nje.

Hivyo ndivyo kiwanja chako kilivyobaki kitupu. Tulipopiga hesabu, kompyuta haikusita hata kidogo. Kilikuwa cha chini kabisa, karibu na mtaro mkubwa, na hakina kifungo. Nilikipaka buluu kwa mkono wangu.

Siku ya kuuziba ule mtaro walikuja vijana wa bonde na mapauro, magunia ya udongo na fito. Mwenyekiti alitaka familia ya aliyeuchimba ndiyo ianze. Mama alishika jembe, akavuta udongo, akautia mle, akaushindilia kwa mgongo wa jembe kama anavyofukia mbegu. Akarudia mara kadhaa. Halafu akauliza kama kuna chai. Nilisubiri nione kama nitalia, kwa kuwa nilidhani pale ndipo mahali pake. Nilijikuta nahesabu magunia.

Mvua zimekwisha kunyesha. Maji yametandaa vizuri, yamekaa, na huko mjini mara hii watu waliamka wakakuta soko lina tope tu la kufagia. Matete yameanza kuchomoza. Ule msingi wako bado unaonekana, kingo zake ziko juu kidogo ya maji, na mtu akisimama barabarani anaweza kuvisoma vyumba vyote. Sebule imejaa. Jikoni kuna korongo anayesimama mguu mmoja tangu asubuhi. Chumba cha Mama kina vyura. Profesa Matope alipomwona yule korongo alitoa kitambaa akajifuta macho, akasema hawajaonekana hapa kwa muda mrefu sana. Nami niliandika kina cha maji.

Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe. Ungeweza kuiweka chini barua hii hapa ukasema dada amenifungia mlango, mama amezeeka, amechanganyikiwa kwa msiba wa mdogo wake. Mimi pia nilidhani hivyo. Nikamfuata jikoni alasiri moja akichambua mboga, nikamuuliza kwa nini hakukuwekea kifungo wakati kila mzazi alimwekea wake. Nikamwambia kwamba wewe ungerudi, kwamba kila barua unaandika utarudi mwakani, na sasa ukirudi utafikia wapi.

Hakuacha kuchambua. Aliniambia kwamba anajua kuhusu nyumba uliyojenga huko.

Alisema alielezwa na yule dereva wa lori aliyetuletea kifurushi chako. Yule bwana alilala kwako, na kwa kumfurahisha mama wa mwenyeji wake akakisifu kila kitu, vigae, madirisha, mkeo na unyenyekevu wake, na miti ya matunda uliyoipanda uani. Alidhani tunajua. Mama hakumwonyesha kwamba hajui, aliitikia kwa kichwa na kusema ndiyo, ndiyo. Ila alimuuliza kama ile miti imeshaanza kuzaa. Dereva akasema inazaa kila msimu, mpaka mnawagawia majirani. Basi Mama akajua umekaa kwako muda gani.

Nilimuuliza ni lini hayo, kwa sababu kifurushi kile ni cha zamani. Akasema ni kabla hata mafuriko hayajaja. Kwa hiyo, Kaka, misimu yote hiyo alikuwa akiufagia ule msingi huku anajua. Nilimuuliza kwa nini hakusema. Akaniambia kwamba hukumwambia wewe, na yeye si mtu wa kumharibia mtu siri yake. Akasema alikuwa amekufunikia sahani, mama akimfunikia mtoto chakula hamuulizi anakuja saa ngapi. Lakini chakula kimechacha, na kuna watu walikuwa na njaa ya ile sahani. Halafu akaniambia nikoroge sufuria isiungue.

Sikukasirika. Nilitegemea nikasirike, nikasubiri, hasira haikuja. Nilikoroga. Pengine ningekuwa mimi wa zamani ningekuandikia kurasa nzima za matusi, na wewe ungejibu kwa matusi, na tungepatana kabla ya kufika mwaka. Nakuandikia haya bila kukulaumu, hata kidogo. Watu wanajenga wanapoishi. Sisi wa ofisini tunalijua hilo kuliko wote, tunalichora kila siku. Nimesikitika tu kwamba uliona lazima utuambie kila mara kwamba unarudi mwakani. Hilo nimelisikia kidogo, hapa kifuani, kama mguu unapoanza kurudiwa na damu. Linauma, na nimeliacha liume.

Kama unataka kulalamika, lalamika kwangu, jina langu ndilo lililo chini ya ile ramani. Mama usimwandikie juu ya kiwanja. Mwandikie juu ya watoto, kama wapo, maana dereva hakusema na Mama hakuuliza, ila namwona anashona kitu kidogo na akiniona anakificha chini ya mto.

Msalimie sana wifi yangu, ambaye ninamwandikia salamu kwa mara ya kwanza. Mwambie simfahamu lakini nimesikia anamtunza vizuri kaka yangu. Dereva wetu wa ofisini anakusalimu. Mwenyekiti naye anakusalimu, na anasema asingependa umwone mbaya.

Mama anakusalimu sana. Nilimuuliza kama ana neno la kuongeza kabla sijaibandika bahasha. Alifikiri, akasema nikuambie kwamba ukija utupe taarifa mapema, ili akutandikie chumba cha wageni.

Ni mimi mdogo wako,
Chiriku